Siku Tano za Juni: Somo la Muungano wa Wasomali



Ndugu msomaji, makala hii imetokana na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana, nikiwa katika kamati ya habari ya jumuiya yetu, nilibandika tangazo kwenye ubao ulio nje ya chumba cha kuswalia. Ilikuwa mwisho wa Juni. Wanafunzi wengi wa hapa Uganda walikuwa wamekwisha kwenda makwao, na waliobaki hosteli walikuwa hasa wageni kutoka nchi za jirani. Nilichora bendera ya buluu yenye nyota nyeupe, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa kwamba jumuiya inawapongeza ndugu zetu Wasomali wote kwa siku yao ya umoja, tarehe 1 Julai. Nilijiona nimefanya jambo la kheri.

Baada ya swala ya Alasiri nilikuta ubao mtupu. Tangazo lilikuwa limekunjwa vizuri na kuwekwa kwenye rafu, pembeni ya misahafu. Aliyelitoa hakujificha. Ni ndugu yetu wa mwaka wa tatu, mtu wa Hargeisa, ambaye kila Alhamisi alikuwa hakosi darasa. Akaniambia kwa upole, "Akhi, sikulichana. Lakini hilo neno 'wote' si kweli. Hiyo si siku yangu."

Mwenzake wa chumba, anayetoka Mogadishu, alikuwa anavaa viatu mlangoni. Akasikia. Akasema, "Walaal, ukilitoa hilo ukutani, na mimi umenitoa."

Hawa ni watu wawili waliokuwa wakila sahani moja tangu Ramadhani. Kwa muda wa wiki mbili nikawaona wakibadilishana salamu tu, na Alhamisi iliyofuata mmoja wao hakuja darasani. Niliona aibu, kwa sababu ugomvi ule niliuleta mimi, kwa tangazo la mistari mitatu juu ya jambo nisilolijua. Basi nikaenda maktaba, kisha nikaenda kwa kila mmoja wao nikamwomba anisimulie. Haya ninayoandika ndiyo niliyojifunza.

Nyota yenye pembe tano

Wasomali ni watu wa lugha moja na dini moja, na wafugaji wao tangu zamani walihama na ngamia wao bila kujua mpaka. Mipaka ililetwa na wengine. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 nchi yao ilikuwa imegawanywa mafungu matano. Waingereza walichukua pwani ya kaskazini, inayotazamana na Aden. Waitaliano walichukua pwani ndefu ya kusini na mashariki, pamoja na Mogadishu. Wafaransa walishika Jibuti. Ogaden ilikuwa chini ya Ethiopia. Fungu la tano likawa upande wa kaskazini mashariki wa Kenya.

Mwezi Mei 1943 vijana 13 walikutana Mogadishu wakaanzisha klabu yao. Mwaka 1947 klabu hiyo iligeuka kuwa chama cha siasa, Umoja wa Vijana wa Kisomali, kinachojulikana kwa kifupi kama SYL. Walipinga ukabila na walitaka mafungu yote matano yawe nchi moja. Bendera iliyopitishwa tarehe 12 Oktoba 1954, kazi ya Mohammed Awale Liban, ilibeba azma hiyo: pembe tano za nyota ni mafungu hayo matano. Ninawataja vijana wale 13 kwa makusudi. Jumuiya yetu ina wanachama wengi kuliko hao, na sisi mara nyingi tunashindwa hata kukubaliana juu ya saa ya mkutano.

Siku tano

Kusini kulikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Italia ndiyo iliyokabidhiwa usimamizi kwa miaka 10 kuanzia 1950. Uhuru wake ulipangiwa tarehe 1 Julai 1960. Kaskazini, kwa Waingereza, hapakuwa na haraka hiyo mpaka lilipotokea jambo la malisho. Mwezi Novemba 1954 Uingereza ilitia saini mkataba na Ethiopia wa kuirudishia ardhi ya Haud, ambako wafugaji wa kaskazini hupeleka mifugo yao wakati wa mvua. Watu walikasirika mno. Wakaona kwamba mlinzi wao ameigawa nchi yao bila kuwauliza, na kwamba salama yao ni kupata uhuru na kuungana na ndugu zao.

Mapema Aprili 1960 baraza la kutunga sheria la kaskazini lilitoa azimio la kutaka uhuru na muungano, ili viende sambamba na uhuru wa kusini. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Kutoka Aprili hadi tarehe 1 Julai ni chini ya miezi mitatu. Katika muda huo viongozi wa pande mbili walikutana Mogadishu na kukubaliana kwamba kutakuwa na jamhuri moja, bunge moja na rais mmoja. Mengine yaliachwa yaje baadaye.

Tarehe 26 Juni 1960 Somaliland ikawa huru. Bendera ya Uingereza iliteremshwa Hargeisa, ikapandishwa ile ya buluu. Kiongozi wa serikali alikuwa Mohamed Ibrahim Egal, kijana wa miaka thelathini na kitu. Nchi yake ilidumu siku tano. Tarehe 1 Julai kusini nako kukapata uhuru, na siku hiyo hiyo nchi mbili zikawa Jamhuri ya Somalia. Katika miaka ile Afrika nzima ilizungumza juu ya umoja, na Wasomali walikuwa wameutenda. Yule ndugu wa Mogadishu aliniambia kwamba bibi yake aliishi mpaka uzeeni akisimulia usiku ule, jinsi watu wasiojuana walivyokumbatiana barabarani. Sina sababu ya kutilia shaka furaha hiyo. Ilikuwa ya kweli, kaskazini na kusini.

Maandishi mawili

Hapa ndipo nilipoanza kufahamu kwa nini tangazo langu liliumiza.

Tarehe 27 Juni bunge la Hargeisa lilipitisha sheria ya muungano. Ilikusudiwa itiwe saini na pande zote mbili. Tarehe 30 Juni bunge la Mogadishu nalo lilikubali muungano kimsingi, lakini kwa maandishi mengine, tofauti na yale ya Hargeisa. Hapakuwa na karatasi moja iliyobeba saini za wote wawili. Ilipofika tarehe 31 Januari 1961, miezi saba baada ya watu kukumbatiana, bunge la pamoja lilipitisha sheria mpya na kusema inahesabiwa kuanzia 1 Julai 1960. Yaani ndoa ilifungwa kwanza, cheti kikaandikwa baadaye na kurudishwa tarehe nyuma.

Na mengi yaliyoachwa yaje baadaye yalikuja yote kwa pamoja. Ofisi za kaskazini ziliandika Kiingereza, za kusini Kiitaliano. Kisomali chenyewe hakikuwa na maandishi rasmi mpaka mwaka 1972. Kulikuwa na mahakama za namna mbili, sarafu mbili, ushuru wa forodha wa viwango viwili na mishahara ya serikali isiyolingana. Katika bunge la watu 123, kaskazini ilipewa viti 33 na kusini 90. Makao makuu yakawa Mogadishu. Rais, Aden Abdulle Osman, na waziri mkuu, Abdirashid Ali Shermarke, wote walitoka upande uliokuwa wa Waitaliano. Mfanyabiashara wa Hargeisa aliyezoea kumaliza shida yake kwa kutembea dakika chache mpaka ofisini, sasa alipaswa kwenda Mogadishu, safari ya mamia ya maili.

Tarehe 20 Juni 1961 ilipigwa kura ya maoni juu ya katiba. Katiba ilipita kwa wingi mkubwa wa nchi nzima. Lakini kaskazini chama kikubwa cha huko kiliwataka watu wasusie, na katika waliopiga kura zaidi ya nusu walisema hapana. Mwezi Desemba mwaka huo maofisa vijana wa jeshi huko Hargeisa walijaribu kuasi. Walishindwa upesi. Huo ulikuwa mwaka mmoja na nusu tu tangu siku ya furaha.

Ufa na ukuta

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo si haki kusema kwamba muungano ulikufa mwaka 1961. Watu waliendelea kuujaribu. Egal mwenyewe, aliyeileta nchi yake Mogadishu, akawa waziri mkuu wa Somalia nzima mwaka 1967. Mtu wa kaskazini alikuwa ameshika usukani, na wengi walidhani ufa umezibwa.

Tarehe 21 Oktoba 1969 jeshi lilichukua nchi chini ya Siad Barre. Egal akatiwa kizuizini kwa miaka mingi. Vita vya Ogaden vya 1977 na 1978 vilishindwa, na baada ya hapo serikali ilizidi kuwabana watu wake. Mwaka 1981 Wasomali wa kaskazini walianzisha harakati ya silaha iliyoitwa SNM. Wapiganaji wake walipoingia Burao na Hargeisa mwishoni mwa Mei 1988, serikali ilijibu kwa mizinga na ndege. Ndege hizo ziliruka kutoka uwanja wa Hargeisa kwenyewe, zikaupiga mji uliokuwa pembeni ya uwanja. Mji ulivunjwa karibu wote. Watu kwa mamia ya maelfu walikimbilia Ethiopia kwa miguu.

Ndugu yangu wa Hargeisa hakuwa amezaliwa. Lakini mama yake alikuwa msichana katika msafara ule. Aliniambia, "Mama hajawahi kunisimulia kuhusu 1960. Husimulia kuhusu sauti ya ndege. Bendera uliyochora ndiyo iliyokuwa kwenye majengo ya serikali iliyozituma."

Siad Barre alikimbia Mogadishu mwezi Januari 1991. Tarehe 18 Mei 1991, katika mkutano wa wazee na viongozi wa SNM mjini Burao, kaskazini ilitangaza kwamba inarudi katika hali ya zile siku tano za Juni. Na aliyeiongoza Somaliland kuanzia 1993 mpaka alipofariki mwaka 2002 ni nani? Ni Mohamed Ibrahim Egal yule yule. Mtu mmoja alipandisha bendera tarehe 26 Juni, akaipeleka nchi kwenye muungano tarehe 1 Julai, akaongoza serikali ya muungano, akafungwa na serikali ya muungano, kisha akaongoza upande uliojitoa. Anayetaka kumwita msaliti itabidi kwanza aseme ni katika tarehe ipi.

Tarehe tatu, kumbukumbu mbili

Leo tarehe hizi zinaadhimishwa hivi. Mogadishu husherehekea kuanzia 26 Juni, siku ya kupandishwa bendera kaskazini, na kilele chake ni 1 Julai, siku ya uhuru na umoja. Hargeisa nayo inaitukuza 26 Juni, hata mtaa mmoja wa mji unaitwa kwa jina la tarehe hiyo. Lakini kwa Hargeisa 26 Juni ni siku nchi ilipozaliwa, na kwa Mogadishu ni hatua ya kwanza kuelekea 1 Julai. Sherehe kubwa ya Hargeisa ni 18 Mei. Katikati ya mji imesimamishwa ndege ya kivita aina ya MiG juu ya jengo la ukumbusho, ili atakayeuliza kwa nini waliondoka apate jibu bila kusoma kitabu.

Wala usidhani kwamba upande mmoja una malalamiko na mwingine hauna. Mashariki mwa Somaliland, katika eneo la Las Anod, wako wengi wasiokubali tarehe 18 Mei. Wao wanasema hawakujitoa, na kwamba siku yao ni 1 Julai. Mwaka 2023 jambo hilo lilileta vita na watu wakauawa. Kwa hiyo kama ilivyo kosa kusema "Wasomali wote" tarehe 1 Julai, ni kosa pia kusema "watu wa kaskazini wote" tarehe 18 Mei. Na yule ndugu wa Mogadishu naye ana msiba wake. Mji wake ulibomolewa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na 1 Julai ni katika vitu vichache vinavyomkumbusha kwamba nchi yake iliwahi kuwa nzima. Aliniambia, "Wakiondoa na hiyo, nitasherehekea nini? Njaa ya 1992?"

Tunajifunza nini

Nilijiuliza dini yetu inasema nini hapa. Haraka haraka tunakimbilia Sura Aal Imran, aya ya 103, inayoamrisha kushikamana na kukataza kufarakana. Ni amri ya kweli, lakini haifai kuifanya gundi ya kubandika juu ya jeraha la mtu. Nilipata mambo matatu mengine.

La kwanza ni kuandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara aya ya 282, inahusu deni. Mwenyezi Mungu anatuagiza tuliandike, kubwa au dogo, kwa uadilifu na mashahidi, hata kama wanaodaiana ni waumini wanaopendana. Ikiwa deni la magunia mawili ya mahindi linataka maandishi na mashahidi, je, kuunganisha nchi mbili? Wasomali wa 1960 hawakukosa upendo. Walikosa karatasi moja. Kuandikiana si dalili ya kutoaminiana; ni njia ya kuulinda upendo kesho, wakati waliokumbatiana watakapokuwa wamekufa na wajukuu wao hawajuani.

La pili ni uadilifu baada ya sulhu. Sura Al-Hujurat, aya ya 9, inaamrisha kusuluhisha makundi mawili ya waumini yanayopigana. Haiishii kwenye neno sulhu. Inaongeza kwamba sulhu hiyo iwe ya haki, kisha inasisitiza tena uadilifu. Aya ya 10, inayosema waumini ni ndugu, inakuja baada ya hapo. Sisi katika hotuba zetu tunaanza na ya 10 na kuisahau ya 9.

La tatu lilinigusa mimi mwenyewe. Katika mkataba wa Hudaybiya, mwaka wa sita wa Hijra, mjumbe wa Makuraishi Suhayl bin Amr alikataa neno "Mtume wa Mwenyezi Mungu" lisiandikwe kwenye mkataba, kwa kuwa upande wake haulikubali. Masahaba walilionea uchungu. Mtume, rehma na amani zimshukie, alikubali liondolewe, na likaandikwa jina lake na la baba yake. Neno lile lilikuwa la kweli, wala kulifuta hakukupunguza ukweli wake. Lakini maandishi ya pamoja lazima yabebe yale ambayo pande zote mbili zinaweza kuyatia saini. Mimi sikuwa na neno la kweli. Nilikuwa na neno "wote", na bado nililiandika kwa wino mzito.

Baada ya hapo

Mtataka kujua yaliyowapata wale ndugu wawili. Siwezi kusema walikubaliana, kwa sababu hawakukubaliana. Mwezi Agosti niliwaalika Kisenyi, kwenye mgahawa mmoja wa Kisomali, tukala bariis na ndizi mbivu pembeni, kama wanavyopenda wote wawili. Kabla chakula hakijaja nilisema nimekuja kuomba radhi kwa tangazo. Wa Hargeisa akasema radhi imepokelewa. Kisha akamgeukia mwenzake akamuuliza jambo ambalo, kwa mwaka mzima wa kuishi chumba kimoja, hakuwahi kumuuliza: "Nyinyi mlikuwa wapi mwaka 1991?" Mwenzake akasimulia kwa muda mrefu. Chai ikapoa. Hakuna aliyetaja tarehe 1 Julai. Alhamisi iliyofuata walikuja darasani pamoja, na mpaka leo kila mmoja ana tarehe yake.

Mwaka huu kamati imenipa tena ubao. Mwishoni mwa Juni nitaandika kwamba wanafunzi wote wanakaribishwa baada ya Alasiri kusikiliza ndugu wawili wakisimulia, kila mmoja kwa dakika 20, siku ambayo familia yake huikumbuka na sababu yake. Nimewaonyesha wote wawili maneno hayo kabla ya kuyabandika. Mmoja alibadilisha neno moja. Mwingine akakubali.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Katika nchi unayotoka, ni sikukuu gani ya taifa ambayo kundi fulani la raia haliifurahii? Umewahi kumsikiliza mmoja wao?

2. Jumuiya yetu iliundwa kwa kuunganisha wanafunzi wa madhehebu na nchi mbalimbali. Ni makubaliano gani kati yetu ambayo hayajaandikwa?

3. Kuna tofauti gani kati ya kusamehe na kusahau, unapokumbuka siku iliyomfurahisha ndugu yako na kumliza mwingine?

Wabillahi tawfiq.